Fundi Sikio na Visanduku Viwili

Jumamosi hiyo Fundi Sikio aliingia nyumbani kinyumenyume, akiusukuma mlango kwa mgongo, maana kila kwapa lilikuwa limebana boksi. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mezani akimenya vitunguu. Alimtazama akivuka kizingiti hatua kwa hatua, akiyalaza yale maboksi kwenye kochi na kuyawekea mto pembeni yasije yakaanguka, akakumbuka siku waliyotoka hospitali na pacha wao, miaka ishirini na sita iliyopita. Siku ile fundi alikuwa amebeba mtoto mmoja tu, na bado alimgonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Ni nini hivyo?" akauliza.

Fundi hakujibu. Alikuwa akibandua gundi ya boksi kwa ukucha.

"Baba Pacha! Nauliza, ni nini hivyo?"

"Eeh? Aa. Priampu."

"Pri nini?"

Fundi alikaa chini kabisa, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akingoja wiki nzima kuulizwa swali hilo. "Sikiliza. Sindano ikipita juu ya santuri inatoa sauti ndogo, ndogo mno, kama mbu aliye chumba cha pili. Amplifaya haiwezi kushika sauti ndogo namna hiyo. Sasa hiki kisanduku kinakaa katikati. Kinaipokea ile sauti, kinailisha, kinaivisha nguo, halafu ndipo kinaipeleka mbele za watu."

"Na kile ulicho nacho?"

"Kimechoka. Siku hizi kinaivisha matambara."

"Bei?"

Fundi akataja bei. Mama Pacha akaweka kisu chini. "Hiyo ya vyote viwili?"

"Ya kimoja. Kile cha nafuu."

Haraka haraka akaeleza kwamba hajanunua bado. Muuza spika wa mjini amemwazima vyote kwa wiki moja avilinganishe. Jumamosi ijayo atarudisha kimoja na kulipia kingine, kwa zile fedha walizoweka kwa ajili ya paa la jikoni. Mvua, alisema, bado iko mbali.

"Lakini ubovu wa hicho cha zamani ni upi?" mkewe aliuliza.

"Matoazi yamekufa."

"Nani kafa?"

"Matoazi, kwenye nyimbo. Zamani yalikuwa yakipasuka kama mafuta ya moto. Miaka miwili sasa yamekuwa yakiondoka kidogo kidogo, na sasa hayapo kabisa."

"Mbona mimi nayasikia?"

Fundi alimtabasamia kwa huruma, kama daktari anavyomtabasamia mgonjwa aliyejipima mwenyewe, akarudi kwenye gundi yake. Na kwa kweli nani angebishana naye? Jina la Sikio alipewa na madereva wa teksi. Mafundi wengine wa magari wakiletewa gari huanza kwa kufungua. Yeye aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, na kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika ugonjwa ulikuwa umeshatajwa. Watoto wao walisomeshwa na sikio hilo. Kochi lililolaliwa na priampu lilinunuliwa na sikio hilo.

Kisanduku kimoja kilikuwa kizito na cheusi, na juu yake vilichomoza vioo vinne mfano wa balbu ndogo, ambavyo vilihitaji kupashwa moto nusu saa kabla ya kutoa neno. Cha pili kilikuwa chembamba, cha bati la kijivu, kikiwashwa kinaanza kazi papo hapo. Kufikia Jumapili Mama Pacha alikuwa ameshavipa majina. Kile cha vioo alikiita Bi Mkubwa, cha bati akakiita Bi Mdogo.

"Leo zamu ya nani?" alikuwa akiuliza akirudi kazini.

"Ya Bi Mkubwa."

"Basi kamwashe mapema, asije akanuna."

Fundi alijitia kuchukia, lakini baada ya siku mbili majina yale yalikuwa yameingia hata kwenye daftari lake. Alikuwa amenunua daftari la shule, la mistari, na ndani yake aliandika kwa mwandiko uleule wa risiti za gereji: *Bi Mkubwa: sauti nene, ina joto, mwimbaji yuko karibu. Matoazi: hakuna. Bi Mdogo: safi, haraka, gitaa limesimama peke yake. Matoazi: hakuna.* Wimbo ulikuwa mmoja tu, na dakika zake mbili za mwanzo. Mama Pacha alishajua kwamba kuna mwanamume kasafiri na kaacha barua juu ya meza, ila kilichoandikwa kwenye barua hakukijua, kwa sababu kila ilipotaka kufunguliwa fundi aliinyanyua sindano na kubadilisha kisanduku.

Matoazi yalipoendelea kukosekana, fundi akaanza kuwashuku wengine. Alishuku sindano, akaibadilisha. Alishuku mapazia kwamba yanakunywa sauti, akayashusha, na kwa siku nne majirani wakawaona wakila. Kisha akalishuku kabati la vyombo.

"Lisogezwe kidogo tu," alisema.

"Kabati hilo lina sahani za mama yako. Ukilisogeza, umsogeze na yeye."

Kabati likabaki.

Jumanne jioni Mama Pacha alikuwa bafuni akifua soksi alipolisikia birika. Lilikuwa birika la filimbi, na filimbi yake ilikuwa ya kuamsha mtaa. Alingoja mumewe alitoe jikoni. Filimbi ikaendelea. Alitoka na mikono imejaa povu, akamkuta fundi amesimama hatua moja kutoka kwenye jiko, daftari mkononi, akisoma, na mvuke umeshaloanisha ukosi wa shati lake.

"Birika!"

Fundi akageuka. "Limefanya nini?"

Mama Pacha akazima jiko. Alitaka kumsema, kisha kitu kikamzuia. Alizunguka, akasimama upande wake wa kushoto, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema: "Baba Pacha, mimi nimeamua kuolewa na muuza spika."

Fundi akafungua ukurasa mwingine.

"Tumeshapatana mahari."

Fundi akalamba ncha ya penseli.

Mama Pacha akahamia upande wa kulia. "Chai iko tayari."

"Asante, mama."

Alicheka hadi akashika meza. Halafu kicheko kikamkauka katikati. Miaka miwili alikuwa amelala upande wa kushoto wa mtu huyu, akimsimulia ya kazini, na miaka miwili alikuwa akijibiwa kimya. Alidhani ndivyo ndoa zinavyokuwa zikizeeka. Alishaweka kinyongo, kinyongo kizuri, cha kutunzwa, na kuna siku alikuwa amepanga kukitoa chote mbele ya dada zake. Kumbe mtu hakuwa amesikia hata neno.

Mama Pacha alikuwa karani wa mafaili hospitalini. Alijua chumba namba kumi na nne wanapimwa nini, na alijua wanaume wa umri wa mumewe hufika pale wakivutwa na wake zao, wakidai wamekuja kuwasindikiza hao wake. Lakini unamwambiaje Fundi Sikio? Ungeanza na neno gani? Na uliseme kutoka upande gani?

Siku iliyofuata jua halijazama, dereva wa teksi alibisha hodi. Alikuwa mtu wa makamo, mteja wa miaka mingi, na alikuja na kofia mkononi.

"Karibu ndani," fundi alimwambia. "Umekuja wakati mzuri. Bi Mkubwa ameshapata moto."

"Nimekuja kwa heshima, fundi. Sitakaa." Akamwangalia Mama Pacha, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa. "Shemeji, nisamehe. Gari limenizimikia barabarani jana, nikiwa na abiria mwenye safari."

"Limefanya nini?" fundi aliuliza.

"Beringi ya alteneta imesagika. Na fundi, mimi wiki iliyopita nilikuletea. Nikakwambia inalia, fiii, kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Ukaweka bisibisi, ukasema injini nzima kama mtoto wa miaka miwili."

"Haikuwa inalia."

"Ilikuwa inalia. Abiria walikuwa wakiniuliza, hivi humo mbele umefungia nini?"

"Beringi inaweza kufa ghafla," fundi alisema. "Leta nikufungie nyingine, bure."

Dereva akaigeuza kofia yake mara moja, mara ya pili. "Nimeshafungiwa. Kwa yule wa ng'ambo ya barabara."

"Yule anayefungua injini kwa nyundo?"

"Alisikia, fundi," dereva akasema kwa upole. "Nilipokata kona tu kuingia kwake, akapaza sauti: alteneta hiyo."

Dereva aliaga, akaenda zake, akasahau kuvaa kofia. Fundi alibaki mlangoni, kisha akarudi na kukaa mbele ya visanduku vyake bila kuviwasha.

"Siku hizi watu wanatia chumvi," alisema.

"Nikuletee chai?" Mama Pacha aliuliza. Alikuwa kushoto kwake. Fundi hakumjibu, na yeye hakurudia. Aliileta tu.

Jumamosi mchana muuza spika alifika, kitabu cha risiti kimechungulia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa, na aliyaangalia madirisha yasiyo na mapazia kwa heshima kubwa. Mwalimu mstaafu, rafiki wa fundi wa tangu ujana, alikuja na mto wake wa kukalia, kwa kuwa aliijua vizuri ile stuli ya wageni.

Fundi alikuwa amepanga ulinganishi wa haki. Alifunga kamba, akatundika shuka la kitanda, na vyombo vyote vikawa nyuma yake. Wasikilizaji wasijue ni kisanduku kipi kinachopiga, wasije wakapendelea kwa macho. Wa kubadilisha nyaya atakuwa Mama Pacha.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huna upande," fundi alisema. "Waya mwekundu kulia, mweupe kushoto. Raundi tatu. Ya tatu utachagua mwenyewe."

Raundi ya kwanza aliweka Bi Mdogo. Mtu akasafiri, akaacha barua. Watu watatu wakaandika kwenye vikaratasi kama wanafunzi. Raundi ya pili aliweka Bi Mkubwa, na hapo jambo la ajabu likampata: alisikia tofauti. Ilikuwa kana kwamba mwimbaji, aliyekuwa amesimama muda wote, amevuta kiti akakaa. Mama Pacha aliona aibu kidogo, kama aliyekamatwa akionja chungu cha mwenzake. Alitaka kuchungulia awaulize, na nyinyi mmemsikia akikaa?

Ya tatu ilimkuta na haraka. Mwalimu alikuwa akikohoa na muuza spika ameangalia saa mara mbili. Akarudisha Bi Mdogo, akachomeka, akateremsha sindano. Mara akaona waya mweupe unaning'inia mkononi mwake.

Muziki ulikuwa ukitoka spika ya kulia peke yake. Ya kushoto ilikuwa bubu kama ndoo. Kupitia upenyo wa shuka alimwona Mwalimu akigeuza shingo kuitazama ile spika bubu, kisha muuza spika naye akageuza. Katikati yao, juu ya stuli, Fundi Sikio alikuwa amefumba macho. Uso wake ulifunguka. Aliinua kidole.

"Hii sasa!" akasema. "Hii ndiyo! Sikilizeni upana wake!"

Mdomo wa muuza spika ulianza kutetemeka. Mama Pacha alikiona kicheko kikipanda, kikifika kooni, na kabla hakijatoka alishika plagi kubwa ya ukutani akaing'oa.

"Umeme!" akapiga kelele. "Jamani, umeme umekatika!"

Chumba kikawa kimya. Na ndani ya ukimya ule friji lao la mitumba, pale pembeni, likaendelea kunguruma kwa raha zake, kama lilivyonguruma tangu siku waliyolinunua.

Mwalimu akalitazama friji. Muuza spika akalitazama friji. Kisha wote wawili wakatazama miguu yao.

"Hawa watu wa umeme," fundi alisema akisimama, "hawana adabu kabisa."

"Kabisa," akaitikia Mwalimu, ambaye miaka yote ya kufundisha hakuwahi kusema uongo mbele ya watu. "Hawana."

"Basi tunywe maji kabla hayajapata joto." Fundi akaenda kwenye friji, akalifungua.

Taa ya ndani ikamwangaza usoni. Alisimama hivyo. Akafunga mlango, akafungua tena, taa ikawaka tena. Hapo akafunga polepole, akaweka kiganja chake ubavuni mwa friji, kama anavyoweka kwenye injini ya mteja.

"Linatetemeka," akasema.

Mama Pacha alitoka nyuma ya shuka. Fundi alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi karibu na mlango, akarudi na bisibisi ndefu. Ncha akaiweka kwenye friji, mpini akauweka sikio la kulia. Akakunja uso, akaitikia kidogo kwa kichwa: kuna kitu. Kisha akauhamishia sikio la kushoto. Safari hii hakufumba macho. Aliyaacha wazi, yakitazama ukuta, muda mrefu kuliko ambao gari lolote liliwahi kumchukua.

"Mama Pacha," akasema bila kugeuka. "Hili friji lina kelele?"

"Linazo."

"Nyingi?"

"Kama trekta, Baba Pacha."

"Na umeme haukukatika."

"Haukukatika."

"Waya upi?"

"Mweupe," akasema. "Wa kushoto. Niliusahau, wallahi sikukusudia."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama anayepokea taarifa ya gari la mtu mwingine. "Basi si priampu," alisema. Akamgeukia muuza spika. "Chukua vyako."

"Hakuna haraka, fundi, hata wiki ijayo..."

"Chukua, ndugu yangu."

Muuza spika, aliyekuja kuchukua pesa, alivifungasha visanduku vyake mwenyewe, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya pasi. Hakutoa mzaha hata mmoja. Kitabu cha risiti alikisukuma ndani kabisa ya mfuko, kisionekane.

"Ulijua?" fundi alimuuliza Mwalimu.

"Tangu mwaka jana. Ulikuwa ukinijibu maswali ambayo sijauliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia," Mwalimu akasema. "Mara tatu."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kweli, kikamtoka bila ruhusa, na mwisho wake kikageuka kitu kingine, hata ikabidi ainamishe uso. Mama Pacha akawasindikiza wageni nje. Mwalimu alisahau mto wake.

Jumatatu fundi alikwenda hospitali amevaa kofia hadi kwenye nyusi, ili asitambuliwe na watu wa kazini kwa mkewe. Wote walimtambua.

"Mama Pacha, leo umetuletea shemeji!" karani mwenzake aliita kutoka dirishani. "Anaumwa nini?"

"Kikohozi," fundi akasema.

"Basi kakohoe chumba namba kumi na nne," yule akasema, akamkabidhi faili jipya. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa limeandikwa na Mama Pacha mwenyewe, asubuhi na mapema, kwa herufi nzuri kuliko za mgonjwa mwingine yeyote wa siku hiyo.

Mpimaji wa masikio alikuwa msichana wa rika la watoto wao. Alimketisha fundi ndani ya kibanda cha kioo, akamvika hedifoni, akampa kitufe. "Ukisikia mlio, baba, hata mdogo namna gani, bonyeza."

Fundi akabonyeza. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara tatu mfululizo.

"Baba, mbona unabonyeza?"

"Nimesikia."

"Sijawasha mashine."

Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkoba. Msichana akaenda, akakigeuza kiti cha fundi kitazame ukuta, asiweze kubahatisha kwa kutazama mabega ya mpimaji, wakaanza upya. Sasa kitufe kilikaa kimya. Kilikaa kimya kwa muda hadi Mama Pacha akawa hana hamu tena ya kucheka. Kutoka pale alipoketi aliuona mgongo wa mumewe, umenyooka, umejitahidi, mgongo wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa na hajui jibu.

Majibu yalitoka kwenye karatasi, mstari unaoshuka kama ngazi za kwenda shimoni. Sikio la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilibakiza nusu, na sauti zote nyembamba zilikuwa zimeshalitoka.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Injini. Miaka thelathini na moja."

"Ulikuwa unaziba masikio?"

"Nizibe?" fundi akasema. "Binti yangu, hayo ndiyo nilikuwa nafanyia kazi."

Msichana akaeleza taratibu kwamba sauti zilizoondoka hazirudi, ila zilizobaki zinaweza kusaidiwa, akatoa kifaa kidogo kama punje ya haragwe. Kinapokea sauti ndogo, alisema, kinaikuza, kinaipeleka ndani ya sikio.

Fundi alikigeuza mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi macho yake yakawa na uhai. "Kwa hiyo ni priampu."

"Ni nini?"

"Kina mvumo wake chenyewe? Kikiwa kimya, kiko kimya kweli? Na hicho kingine pale kwenye kabati, tofauti yao nini?" Akaegemea mbele. "Unaonaje nikichukua vyote viwili kwa wiki moja, nikavilinganishe?"

Msichana akamtazama Mama Pacha.

"Hapana," akasema Mama Pacha.

Fedha za paa zikaingia sikioni. Walinunua na ndoo mbili kubwa za kukingia jikoni, wakaziweka tayari.

Siku kumi baadaye, kifaa kikiwa tayari, Mama Pacha aliomba ruhusa ya saa moja kazini akamsindikize. Walipotoka chumba namba kumi na nne fundi alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alilalamikia karatasi iliyokuwa ikiburuzwa na upepo. Akalilalamikia shati lake, kwamba linachakacha.

"Wewe siku zote unapumua hivyo?" akamuuliza mkewe.

"Siku zote."

"Kwa nguvu hivyo?"

"Nikiwa na wewe, ndiyo."

Mama Pacha alidhani wangepita njia ya nyuma, ambayo fundi alikuwa akiitumia tangu siku ile aliyokwenda hospitali na kofia, ili kukwepa kituo cha teksi. Fundi akanyoosha moja kwa moja hadi kituoni. Madereva walikuwa wamezunguka ubao wa drafti. Yule wa alteneta alikuwa pembeni akiosha gari. Fundi akasimama mbele ya ndoo yake.

"Ilikuwa inalia," akasema.

Dereva akainuka na tambara mkononi.

"Ilikuwa inalia na mimi sikuisikia. Nimepimwa. La kushoto limekufa, hili la kulia linasaidiwa na mashine." Akageuza kichwa ili wote wakione kile kifaa. "Nimeona niwaambie mwenyewe."

Drafti ikasimama. Dereva mmoja mfupi, mwenye miwani, akasema: "Kumbe! Sisi tukajua unaringa. Mimi nakupa shikamoo tangu mwaka juzi huitikii."

"Marahaba," akasema fundi.

"Hiyo ya leo?"

"Ya mwaka juzi. Zilizobaki nitaziitikia kidogo kidogo."

Waliangua kicheko, na mtu akamsogezea benchi. Lakini kicheko kilipokwisha hakuna aliyesema, fundi, hebu njoo uniangalizie gari langu. Walirudi kwenye ubao. Mama Pacha alikiona kimya kile, akaona na mumewe amekisikia, maana hicho hakikuhitaji mashine.

Dereva wa alteneta alilikamua tambara lake hadi halikuwa na tone. "Kuna kitu kingine kinanisumbua," alisema mwishowe, akilitazama tambara. "Yule wa ng'ambo hajakiona." Akafungua boneti, akawasha gari.

Injini iliponguruma fundi aliruka, akashika sikio. Kile kifaa kilikuwa kimeikuza kila kitu kwa pamoja, kelele juu ya kelele. Akakitoa, akakiweka kiganjani mwa mkewe, akainama na bisibisi aliyopewa na dereva. Alisikiliza kwa la kulia. Akaacha, akaweka viganja huku na kule. Madereva walikuwa wameinua macho kwenye drafti. Kilipita kitambo, na fundi akawa hajataja ugonjwa.

Kisha akageuka. "Mama Pacha. Njoo."

"Mimi?"

"Njoo."

Alikwenda na nguo zake za kazi, kitambulisho cha hospitali kikining'inia kifuani. Fundi akamshikisha bisibisi, akamwekea mpini sikioni. "Fumba macho. Unasikia nini?"

"Nasikia gari."

"Ndani ya gari."

Aliona haya. Alijua anatazamwa na kituo kizima. Lakini akafumba, na kelele ile iliyokuwa donge moja ikaanza kuachana. Kulikuwa na kitu kinagonga, kinagonga sawasawa, hicho hakikuwa na shida. Kulikuwa na kitu kinavuma. Na chini yake...

"Kuna kitu kinasaga," akasema. "Kama mtu anasaga meno usingizini."

Fundi alikuwa akiisoma midomo yake. "Moja kwa moja?"

"Hapana. Kwa vipindi."

"Sogeza ncha."

Akasogeza. "Hapa kinapungua. Hapa... ngoja. Hapa."

Fundi akaweka kiganja pale pale penye ncha, akafumba macho naye. Wakakaa hivyo, wameinama pamoja juu ya injini ya mtu.

"Pampu ya maji," akasema fundi.

"Una uhakika, fundi?" dereva akauliza. Ikabidi aulize mara ya pili, kwa sauti. Fundi hakumjibu. Alimtazama mkewe, akangoja. Madereva wote wakamtazama Mama Pacha, yule wa miwani amesimama kabisa.

Saa moja ya ruhusa ilikuwa imekwisha. Mama Pacha alipangusa mkono kwenye sketi.

"Fungua," akasema.

Fundi alipoitoa pampu, dereva aliishika shafti yake akaitikisa, nayo ikacheza kama jino bovu. Hakumrudishia fundi. Alimkabidhi Mama Pacha, kwa mikono miwili, na grisi yake yote.